Kuanzia Hasi Ishirini

Chaka,
Jumatatu, 3 Machi 2025

Mwai ndugu yangu,

Tulipoteza shilingi laki moja na elfu nane Jumamosi tarehe mosi Machi, pale kasino ya Sagana, kati ya saa tisa na saa kumi na moja jioni. Nimeanza na hilo ili usidhani salamu zangu ni za kukubembeleza.

Sasa salamu. Hujambo? Mkeo Beth hajambo? Mguu wa mama umepona, ama bado anautembeza kwenye majani chai na daktari alisema apumzike? Sisi huku tuko wazima. Mvua bado. Vumbi la Kieni linaingia mpaka ndani ya chai, tunakunywa tu.

Nakuandikia karatasi kwa sababu mbili. Kwa simu ukibanwa unacheka, nami nikisikia unacheka nacheka, tunakata simu hakuna kitu tumesema. Ya pili, Beth anashika simu yako kuliko wewe. Kinuthia anapita Kiriaini na lori langu la viazi kila Jumanne na Ijumaa. Akishusha magunia hapo shuleni, mpe jibu lako.

Ngoja nikukumbushe tulivyokubaliana, ndio usiniambie nilisema kitu kingine. Wewe unakaa kwenye meza ya blackjack na dau dogo, kama mwalimu ametoka kupokea mshahara. Unahesabu kadi zikitoka. Mimi nazunguka na soda kama mama aliyekosa njia ya choo. Meza ikiiva, unavua miwani, nakuja na dau kubwa. Ukivaa miwani, naondoka.

Sagana wanacheza na pakiti sita ndani ya sanduku moja, likiisha wanachanganya upya. Kwa hivyo nilichagua mfumo wa KO, mimi mwenyewe, baada ya kusoma kile kitabu changu cha mtumba mpaka gundi ikaachia. Kadi ndogo, kuanzia mbili mpaka saba, ikitoka unaongeza moja, maana zikipungua ni heri yetu. Kumi, jeki, kwini, kingi na esi, ikitoka unatoa moja, maana hizo ndizo tunataka zibaki ndani. Nane na tisa unaziacha. Unaanza hasi ishirini. Ukifika nne, unavua miwani. Hakuna kugawanya, hakuna kukisia. Kitabu kinasema hata hasi nne ingetosha kuanza kuweka dau, lakini mimi sitaki faida nyembamba. Tukasema nne.

Sanduku la kwanza hukuniita. La pili hukuniita. Nimesimama mpaka askari wa mlango akaniuliza, "Mathe, kwani kuna mtu unangoja?" Sanduku la tatu, hata robo halijatoka, miwani chini. La nne, hivyo hivyo. Nikaweka elfu nne nne, nikapanda elfu sita sita, na yule msichana mgawaji akanivuna huku anatabasamu.

Najua kadi zinaweza kukataa hata kama hesabu ni nzuri. Nimeuza viazi miaka ishirini na tisa, hasara naijua kwa sura. Hii haikuwa na sura ya siku mbaya. Ilikuwa na sura ya mizani iliyoguswa.

Mwai, wewe ndiye ulienda chuo kikuu kusomea ualimu. Mimi niliacha shule kidato cha pili karo ikutoshe. Silii hapa, nasema tu. Hesabu zangu nilijifundisha nimekaa juu ya gunia, na hakuna mwalimu aliyeniwekea alama ya vema. Sasa mwalimu wa hesabu ndugu yangu ananihesabia kadi na inatoka hivi?

Nitumie daftari lako la mazoezi. Lote, usichane kurasa. Griffins wa duka la dawa za mifugo ananiuliza kila siku kama kiti cha kuhesabu kiko wazi. Nimemwambia kiko na mwenyewe. Ningependa kuendelea kumwambia hivyo.

Dada yako,
Wachuka


Kiriaini,
Jumatano, 5 Machi 2025

Dada Wachuka mpendwa,

Shikamoo ya mtu aliyekosa. Tumepokea barua na viazi, na Beth amesema viazi ni vikubwa kuliko msimu uliopita. Yeye ni mzima. Mama mguu umepungua kuvimba, jana nilimkuta ameketi, nikashangaa, kumbe alikuwa anangoja nipite ndio aende shambani. Watoto wa kidato cha nne wananimaliza na logarithimu, lakini tuko.

Dada, naomba unisikilize kwa roho moja. Nilihesabu kama ulivyoniagiza, kuanzia hasi ishirini, kadi kwa kadi. Sikupunguza wala kuongeza. Jasho lilikuwa linanitiririka mpaka yule mzee wa pembeni aliyevaa kofia ya ngozi akaniuliza kama nina malaria. Kadi zilitukataa, hakuna zaidi.

Daftari hilo hapo, Kinuthia atalichukua Ijumaa. Uone mwenyewe: pakiti arobaini, moja moja, kila moja kwa chini ya sekunde thelathini na tano. Wewe kwa siri uliwahi kufika arobaini na mbili tu, sitasema.

Wazo langu ni kwamba mfumo wetu ni mdogo mno. Kwenye kile kitabu chako nilisoma kuna mwingine mkali zaidi, ambao nne na tano zinapewa mbili badala ya moja, na esi zinahesabiwa kando kwa vidole vya miguu ndani ya kiatu. Vidole vya miguu, dada! Nimejaribu hapa ofisini wakati wa mapumziko, Mwalimu Mkuu akaniuliza kwa nini natembea kama kuku wa mvua. Lakini ukiuweza, unaona mpaka tumbo la sanduku. Tuhamie huo.

Usimpe Griffins kiti changu. Yule anahesabu chanjo za ng'ombe, na bado huwa zinapungua.

Ndugu yako,
Mwai


Chaka,
Ijumaa, 7 Machi 2025

Mwai ndugu yangu,

Hujambo, Beth hajambo, mama hajambo, nimefurahi wote hamjambo, SASA SIKILIZA.

Sifuri! Nimefungua daftari lako hapa juu ya mizani, wateja wamesimama, nikapiga kelele, mama mmoja wa Naro Moru akaangusha kabeji. Pakiti arobaini, na chini ya kila moja umeandika sifuri na alama ya vema. Ulijiwekea vema wewe mwenyewe!

Mwalimu, chukua chaki. Namba za kuongeza ziko sita: mbili, tatu, nne, tano, sita, saba. Kila moja iko mara nne kwa pakiti. Ishirini na nne. Za kutoa ni tano: kumi, jeki, kwini, kingi, esi. Mara nne, ishirini. Ishirini na nne toa ishirini inabaki ngapi? Inabaki nne. Mfumo wa KO ukianza na sifuri kwa pakiti moja, unamaliza na nne. Siku zote. Hata kadi zichanganywe na kichaa.

Wewe mara arobaini umemaliza na sifuri. Mtu akikosea ovyo, angepata mbili, angepata tano, angepata hasi moja. Wewe hukosei ovyo. Unakosea kwa unyoofu kabisa, kama trekta. Maana yake kuna kadi moja ndogo, ambayo iko nne kwa kila pakiti, na wewe unairuka. Sijui ni gani. Lakini nitaijua.

Ndani ya bahasha kuna mafungu matatu yaliyofungwa na raba. Usiyafungue mpaka uwe umekaa peke yako. Kila fungu lina kadi kumi na mbili: nane ndogo na kingi nne. Hesabu kila fungu mara moja tu, kwa kasi yako ile ya kujigamba, kisha uniandikie namba tatu. Usianze kufikiri. Ukianza kufikiri utaharibu.

Na hayo mambo ya vidole vya miguu, hapana. Mtu ambaye hajui anaruka kadi gani hapewi viatu vya kuhesabia esi. Mfumo mkali ukiwa mikononi mwa aliyechoka, ndani ya kelele, ni mbaya kuliko mfumo rahisi. Hata Kinuthia ninampa lori analoweza kulirudisha.

Niko na joto mwilini tangu asubuhi, si homa. Ni ile ya kujua kwamba kuna mahali pa kushika.

Dada yako,
Wachuka


Kiriaini,
Jumanne, 11 Machi 2025

Dada Wachuka,

Salamu kutoka kwetu wote, na kutoka kwa mtu mjinga aliyekaa kwenye maabara ya shule na mlango umefungwa kwa kiti.

Namba zako ni hizi: nne, nne, sifuri.

Nilipoandika sifuri ya fungu la tatu nilikuwa tayari na hasira. Nikasema, huyu dada ametega, ameweka kadi kubwa zaidi. Nikahesabu tena. Sifuri. Nikahesabu tena polepole, kwa sauti, kama mtoto wa chekechea. Sita, moja. Sita, mbili. Kingi, moja. Halafu ikaja saba ya kopa, na mdomo wangu ukajifunga. Nakuapia. Mkono ulisukuma kadi, jicho likapita, mdomo ukangoja ile inayofuata. Nikairudisha ile saba juu ya meza nikaitazama. Ikanitazama.

Dada, ni shosho, nyanya yetu.

Unakumbuka alivyokuwa. Mbuzi hawahesabiwi, watoto hawahesabiwi, na hiyo namba haitajwi kabisa ukiwa unataka kitu. Wewe ulitoka nyumbani na miaka kumi na sita ukaenda kuuza, mimi nikabaki naye jikoni. Mara ya kwanza nilihesabu vitoto vya mbuzi, nikafika hapo, nikaisema. Nilipigwa na mwiko uliokuwa bado na uji. Aliniambia niseme sita na mwenzake, ama ninyamaze. Nikachagua kunyamaza, ilikuwa fupi.

Darasani sina shida. Saba mara nane ni hamsini na sita, naandika ubaoni nikitafuna chapati. Lakini nimegundua leo, na nina miaka thelathini na minane, kwamba nikiwa nataka kitu, nikiwa na roho juu, namba hiyo hainipitii. Nimemuuliza Beth bila kumwambia sababu. Amesema, "Wewe? Ulipoleta mahari kwetu ulihesabu mbuzi mbele ya wazee ukaruka mmoja, baba akafikiri unamtania." Miaka kumi na mbili hajaniambia!

Sijui nicheke ama nijifunike blanketi. Mimi, mwenye digrii. Umempata mwizi, dada, na alikuwa amevaa shati langu.

Kama unataka kumpa Griffins kiti, nitaelewa. Sitafurahi, lakini nitaelewa.

Ndugu yako,
Mwai


Chaka,
Alhamisi, 13 Machi 2025

Mwai, Mwai, Mwai,

Hamjambo huko, sisi tuko sawa, mvua imenyesha jana usiku kidogo, watu wanakimbizana na mbegu.

Nimecheka mpaka nikashika nguzo ya kibanda. Halafu nimelia kidogo, kwa shosho, usimwambie mtu. Mimi soko lilinitoa hiyo kitu mapema. Mteja akitaka kilo saba utamwambia nini, chukua sita na uombe? Sokoni saba ni sita na faida.

Lakini sasa keti chini, maana usiku sijalala. Nilikuwa najiuliza: huyu ndugu yangu anahesabu kwa sekunde thelathini na tano, hakosei hata mara moja katika arobaini, isipokuwa hiyo kadi moja. Ni kama gari zima lenye mlango mmoja usiofunguka. Je, hakuna barabara ambayo huo mlango hauhitajiki?

Nikafungua kitabu sura ya pili, ile niliyoiruka mwanzo kwa sababu niliona alama ya kugawanya nikachoka. Mwai, kuna mfumo ambao saba HAIHESABIWI. Ndiyo sheria yake! Unaitwa Hi-Lo. Mbili mpaka sita, ongeza moja. Saba, nane, tisa, acha. Kumi mpaka esi, toa moja. Unaanza na sifuri, unamaliza na sifuri. Yaani daftari lako lote, zile vema zako arobaini, ziko sahihi. Ulikuwa unafanya mtihani wa darasa lingine.

Kazi yake moja tu: ile hesabu ya kichwani lazima uigawanye kwa pakiti ambazo bado hazijatoka, ndipo ujue ukweli. Sita ikiwa zimebaki pakiti sita ni moja tu, hakuna kitu hapo. Sita ikiwa imebaki pakiti moja, hiyo ni sita kamili, hiyo ni karamu. Mimi kugawanya huku nimeshika soda siwezi. Wewe ni mkate wako.

Kwa hivyo nimeketi nikapanga meza zetu upya, kila meza na dawa yake.

Nyeri mjini tuache. Nilienda jana nikatazama saa nzima. Wako na mashine inayomeza kadi kila mkono ukiisha na kuzichanganya bila kupumzika. Hapo hesabu inafutwa kabla hujaimeza. Na juu ya hayo, ukipata blackjack kwa dau la elfu moja wanakulipa elfu moja na mia mbili, mahali pengine wanalipa elfu moja na mia tano. Mia tatu kila mara! Mfumo wa hapo ni kutafuta mlango.

Nanyuki ndiko kwetu. Ile hoteli wanakotelemkia watalii wa mlimani, wanacheza na pakiti mbili tu, mgawaji anazishika mkononi. Pakiti mbili unagawanya kwa mbili, kwa moja na nusu, kwa moja. Hiyo ni hesabu ya kununua sukari. Wanalipa ile elfu na mia tano. Hi-Lo ni ya hapo, na ni yako. Ukishagawanya ukapata mbili au zaidi, vua miwani.

Sagana, sanduku la pakiti sita, kelele, kugawanya kwa tano na robo, kwa nne na nusu, hapo bado nasema KO, kwa sababu ile haigawanywi. Lakini Sagana ni mpaka hiyo saba yako ifunguke, na hatuharakishi.

Nanyuki, Jumamosi tarehe ishirini na mbili, saa nane mchana. Nimetenga elfu hamsini, nikipoteza hizo sitakuuliza. Vaa lile koti la mazishi, linakufanya uonekane huna hatari. Nimemwambia Griffins kiti kina mwenyewe na asiniulize tena.

Dada yako,
Wachuka


Kiriaini,
Jumatatu, 24 Machi 2025

Dada yangu wa pekee, dada wa chuma,

Hujambo? Ulifika salama? Sisi tuko wazima, na mimi sijashuka bado, miguu inatembea juu ya nyasi.

Naandika yote ingawa ulikuwepo, maana wewe ulikuwa upande ule wa baa, hukusikia mambo ya mezani.

Nusu saa ya kwanza ilikuwa kavu. Hasi moja, hasi tatu, sifuri. Pembeni yangu kuna yule mzungu aliyeungua pua, ametoka kupanda mlima, anaitwa sijui nani. Anacheza kama mtu anayetupa mahindi kwa kuku. Halafu zikaanza kutoka ndogo. Tano, tatu, sita, mbili, tano tena, nne. Nikatazama kwenye mkono wa mgawaji: imebaki pakiti moja na nusu. Hesabu kichwani ni sita. Sita kwa moja na nusu ni nne! Dada, nne! Nilivua miwani kwa nguvu ikaingia ndani ya supu ya yule mzungu. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha vitabu, "Rafiki, hiyo si yako." Nikamwambia, "Samahani, macho yananiwasha." Mgawaji anacheka. Nawe unakuja, polepole, na kibeti chako kama umeingia kanisani umechelewa, unauliza, "Hapa kuna nafasi ya mtu asiyejua sana?"

Mgawaji akasema, "Karibu mama, tutakufundisha."

Tutakufundisha! Elfu tatu, esi na kwini. Elfu tano, ishirini, yeye kumi na nane. Elfu tano tena, yeye akapita ishirini na moja, akavunjika. Yule mzungu akaniinamia akasema, "Huyu mama ana bahati." Nikasema, "Ndiyo, inaonekana ni mkulima."

Na nilipovaa miwani ikiwa na supu bado, ukaondoka hapo hapo, katikati ya ushindi, hukungoja hata mkono mmoja wa tamaa. Nilijisikia nataka kusimama nikupigie saluti. Elfu arobaini na moja na mia tano. Najua si laki moja na elfu nane. Lakini ilitoka palepale hesabu iliposema itatoka.

Sasa jambo langu. Tangu tarehe kumi na mbili nafanya mazoezi ya KO kila asubuhi kabla ya gwaride. Kila saba nikiiona naisema kwa sauti. Beth anadhani nimeokoka upya. Pakiti sitini, zote zimemaliza na nne. Angalia daftari, limo ndani ya bahasha. Mlango umefunguka, dada! Twende Sagana Jumamosi hii, tarehe ishirini na tisa. Tukachukue kilicho chetu kwa yule msichana wa kutabasamu. Weka laki moja. Niko tayari kuliko nilivyowahi kuwa tayari kwa kitu chochote.

Ndugu yako mwenye miwani safi,
Mwai


Chaka,
Jumatano, 26 Machi 2025

Mwai ndugu yangu,

Hujambo? Msalimie Beth na mama. Mvua imeshika kabisa, tumepanda ekari tatu, na mbegu ya mwisho nililipia kwa hela ya Nanyuki, kwa hivyo ukipita hapa Juni utaona hesabu yako imeota majani.

Daftari nimeliona. Pakiti sitini, nne, nne, nne. Sikuweka vema kwa sababu si kazi yangu, lakini nimeonyesha Kinuthia, akasema, "Huyu sasa ni mwalimu." Nilifurahi, Mwai. Jumamosi ile Nanyuki nilifurahi kuliko siku niliyonunua lori. Nataka ujue hivyo kabla hujasoma yanayofuata.

Jana usiku nilianza kuipanga Sagana. Laki moja umesema, nikaitoa benki, iko hapa. Nikasema wacha kwanza nirudie ile Jumamosi tarehe mosi, nione hasara yetu ilitoka wapi, hatua kwa hatua, ndio tusiikanyage tena. Nikachukua pakiti sita. Nikaanza hasi ishirini, kama ulivyoniandikia kwamba ulianza. Nikaruka saba zote, kama ulivyokuwa unaruka. Nikagawa mpaka mwisho.

Unajua nilimaliza wapi? Hasi ishirini. Bila saba hakuna kupanda, unazunguka unarudi ulipoanzia. Nikasema labda katikati inafika juu kisha inashuka. Nikagawa mara ya pili. Nimegawa mara thelathini, Mwai, kuanzia jana usiku mpaka leo mchana, duka limefungwa, watu wanabisha mlango. Juu kabisa, mara moja katika thelathini, nilifika hasi nne. Zingine zote zilifia chini ya hapo.

Ulivua miwani kwenye nne.

Sanduku la kwanza hukuniita, na hesabu inakubali, usingeweza kuniita. La pili hukuniita, hesabu inakubali. La tatu uliniita hata robo haijatoka. Ili ufike hapo kutoka hasi ishirini ulihitaji kupanda ngazi ishirini na nne bila saba hata moja. Ingetokea mara moja ningesema ni muujiza. Ikitokea mara mbili zikifuatana, hiyo si kadi tena, huyo ni mtu.

Nikajaribu kitu kingine. Nikaanza na sifuri, nikaruka saba. Nikafika nne kabla ya robo ya sanduku kuisha. Nikajaribu tena, nikafika tena. Si kila mara, lakini mara nyingi. Na hiyo nne ya kuanzia sifuri, pakiti tano zikiwa bado ndani, haina maana yoyote. Ukiigawanya haifiki hata moja. Ni meza ya mwenye kasino, si yetu. Pale ndipo niliweka elfu sita sita.

Saba nimekusamehe tangu ile barua ya maabara. Hukuijua, ilikuwa ya shosho, na ilitufanya tucheke. Lakini sifuri mtu haianzi bila kujua. Mtu anaamua.

Nimejaribu kukutetea mwenyewe. Nimesema, labda aliniona nimesimama na soda masanduku mawili, askari ananiuliza maswali, akanihurumia. Nimesema, labda alifikiri mimi ndiye nimekosea mfumo, kwa sababu niliishia kidato cha pili na yeye ana digrii, akaurekebisha kimya kimya. Nimesema, labda aliona aibu kukaa hapo saa nzima bila kazi. Kila moja nikiisema naona inaweza kuwa, na kila moja inaniuma mahali pake.

Hii laki moja na elfu nane sidai. Imeenda. Nataka uelewe kitu kimoja. Nikiwa kule baa mimi sioni kadi. Sioni sanduku, sioni mgawaji ana nini. Natazama uso wako tu. Mfumo uwe KO, uwe Hi-Lo, uwe ule wa vidole vya miguu, upande wangu mfumo ni mmoja: miwani ya Mwai. Hiyo ikisema uongo, hata kwa huruma, hata kwa aibu, mimi nimesimama gizani nikitupa hela ya mbegu. Na wewe uliniandikia kwa mkono wako, tarehe tano, "Sikupunguza wala kuongeza."

Sitaki maelezo marefu. Sitaki vichekesho, maana utanichekesha na nitakubali. Sitaki simu. Kinuthia atakuwa hapo shuleni Ijumaa saa nne asubuhi. Nimemwambia asizime injini. Atangoja dakika kumi, kisha atakuja zake na bahasha ama bila bahasha. Akija bila bahasha, hakuna Sagana, hakuna Nanyuki, na laki moja inarudi benki. Akija nayo na ndani kuna ukweli, hata ukiwa mbaya, Jumamosi saa nane nitakuwa Sagana nimeshika soda.

Namba moja tu juu ya karatasi. Lile sanduku la tatu, ulianza na ngapi?

Dada yako,
Wachuka